Muulize Fundi: Kengele inalia sebuleni, jikoni hawaisikii

SWALI. Shikamoo Fundi. Tunaishi Bweyogerere, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba. Kengele ya mlango aliifunga mwenyewe mwaka 1994, ile ya waya yenye vibao viwili vya chuma, ukibonyeza inasema "ting", ukiachia inasema "tong". Baadaye nyumba iliongezwa vyumba vitatu kwa nyuma, na mama sasa analala cha mwisho kabisa. Ukiwa sebuleni kengele unaisikia. Ukiwa koridoni unaisikia kwa kutega sikio. Jikoni na kwa mama, hakuna kitu. Mwezi uliopita dada yangu alishuka basi la usiku kutoka Nairobi, akafika saa kumi na moja alfajiri mvua inanyesha, akabonyeza mpaka kidole kikamuuma. Tulikuja kumkuta saa moja na nusu amekaa barazani kwa jirani. Baba alikuwa akijisifu kwamba kengele yake ikilia mbwa wa nyumba ya pili wanabweka. Siku hizi inalia kama kijiko kwenye kikombe cha chai. Kijana mmoja fundi ananiambia tutoe transfoma ya volti 8 tuweke ya volti 24, eti sauti itakuwa mara tatu. Nimkubalie? – *Binti wa Mzee, Bweyogerere*

JIBU. Marahaba, binti yangu. Usimkubalie. Sauti itaongezeka, sikatai, kwa siku chache. Ndani ya kengele ya baba yako kuna koili ya waya mwembamba, na katikati ya koili kuna mchi mdogo wa chuma. Ukibonyeza kitufe, koili inakuwa sumaku, inauvuta mchi, mchi unaruka na kugonga kibao cha kwanza. Ukiachia, springi inaurudisha, unagonga cha pili. Koili hiyo imesukwa kwa volti 8. Ukiipa 24 umeipa mkondo mara tatu, na joto halifuati mara tatu, linafika kama mara tisa. Atakuja mtoto wa jirani aegemee kitufe dakika moja, nanyi mtasikia harufu ya vanishi inayoungua kabla ya kusikia "tong".

Kilichonisaidia katika barua yako ni mbwa wa nyumba ya pili. Kengele ilikuwa na sauti, sasa haina. Kwa hiyo mna shida mbili zilizolala kitanda kimoja: kengele imefifia, na nyumba imerefuka. Mkizichanganya mtanunua vitu ovyo. Tuanze na kufifia.

Zima brekari, hakikisha kwa testa, kisha fungua kifuniko. Nina miaka mingi ya kufungua vifuniko hivi Kampala na Entebbe, na mara nyingi aliyeiba sauti nimemkuta mle ndani akiishi. Nyigu wa udongo anapenda sana kasha la kengele: ni pakavu, pana kivuli, na pana tundu la kuingilia. Anajenga kijumba chake kati ya mchi na kibao, mchi unapiga udongo. Kama si nyigu, ni mayai ya mjusi. Vitoe vyote kwa kijiti cha mti, usitumie bisibisi, maana waya wa koili ni mwembamba kama unywele na ukiukwaruza umemaliza kazi.

Halafu tazama rangi. Tangu 1994 nyumba imepakwa rangi mara ngapi? Mpaka rangi wetu hafungui skurubu. Anapitisha brashi juu ya kila kilicho ukutani, na vibao vya kengele vikiwa nje ya kasha vinapata rangi kama ukuta. Chuma kilichovaa rangi nzito hakilii. Chukua kijiko cha chai, shika mwisho wake kwa vidole viwili, ukigonge kibao kwa mgongo wa kijiko. Kibao kizima kinaimba, unaweza kuhesabu hadi tatu au nne kabla hakijanyamaza. Kikisema "tak" na kunyamaza, kimebanwa au kimefunikwa. Fundi wa reli aliyenifundisha kazi, wa karakana ya Nalukolongo, hakuwa akitoa mita mfukoni kabla ya kuomba kijiko kwa mwenye nyumba. Wengine walidhani anataka chai.

Tazama pia kibao kimening'iniaje. Kinashikwa kwenye vishikizo vya mpira, na vishikizo hivyo haviwekwi popote tu. Viko karibu na robo ya urefu wa kibao, pungufu kidogo, kutoka mwishoni, kwa sababu hapo ndipo chuma kinapotikisika kidogo zaidi kinapolia. Mpira wa mwaka 1994 leo ni mgumu kama kwato, au ulikwisha kupotea na mtu akakaza skurubu chuma kwa chuma. Kata vishikizo vipya kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, ufunge kwa kulegeza kidogo. Kibao kikiguswa na ukuta hata kwa ncha, sauti imekwisha.

Sasa mchi wenyewe, na hapa nina aibu yangu ya kusimulia. Nilipokuwa fundi mchanga niliitwa nyumba moja Mengo, mchi unakwama. Nikatoa kichupa cha mafuta ya cherehani, matone matatu, kengele ikalia kama mpya, nikalipwa, nikaondoka na kifua mbele. Wiki sita hazikupita nikaitwa tena. Mafuta yalikuwa yameshika vumbi na vumbi limegeuka ugali, mchi haukusogea hata kwa kusukumwa. Kazi ya pili nilifanya bure. Kwa hiyo mafuta hapana, grisi hapana. Vuta mchi nje, ufute kwa kitambaa chenye spiriti, pitisha kitambaa hicho hicho ndani ya koili ukizungusha taratibu, acha pakauke. Ukitaka kitu cha kulainisha, kwangua unga wa penseli. Unatosha.

Baada ya hapo nenda kwenye kitufe cha nje, kinachopigwa na jua na mvua. Ndani yake kuna vibati viwili vinavyogusana ukibonyeza, na kwenye hewa yetu ya unyevu vinaota kutu ya kijani. Kutu inakula volti. Lakini ngoja: kabla ya kugusa kitufe, rudisha brekari, upime kwa mita kwamba kweli kinapata volti ndogo. Kuna kengele nyingi madukani siku hizi ambazo hazina transfoma kabisa, zinakula volti 240 moja kwa moja, na kitufe chake ni swichi kama ya taa. Hiyo ukiichokonoa imewashwa inaua. Ya baba yako ina transfoma, sawa, ila mikono iliyopita pale tangu 1994 huijui. Ukithibitisha ni volti 8, fungua waya mbili nyuma ya kitufe, ziguse zenyewe kwa zenyewe. Kengele ikilia kwa nguvu kuliko ulipobonyeza, mwizi ni kitufe. Kikwangue kwa msasa laini au ununue kingine.

Kama bado, pima umeme unaofika kwenye kengele. Fundi wengi wanakosea hapa. Wanaweka mita bila mtu kubonyeza, au wanapima kwenye transfoma pale pale, mita inasoma 8 na kitu, wanasema umeme ni mzima. Waya usiobeba mzigo hauonyeshi ugonjwa wake. Mita iwe kwenye skurubu za kengele, upande wa umeme wa AC (ule wa kwenda na kurudi, kama wa ukutani), na mtu mwingine awe nje amebonyeza na kushikilia kwa sekunde mbili tatu. Waya mwembamba wa kengele, ule wa milimita nusu mraba, ukiupeleka mita 30, umeme unasafiri mita 60 kwenda na kurudi, na njiani kuna upinzani wa kama ohimu 2. Kengele ikivuta ampea moja, volti 2 zimebaki kwenye waya. Kati ya 8 mmebaki na 6, na mchi wa volti 6 haurushi kitu. Njia hiyo hiyo kwa waya wa milimita moja na nusu inakula chini ya volti moja.

Na kabla hujalaumu waya, itazame transfoma yenyewe. Nyingi za kengele zina skurubu tatu upande wa kutokea, na kati yake unapata volti 4, 8 au 12. Nimeshakuta kengele ya volti 8 imefungwa kwenye 4 kwa sababu aliyebadilisha alikuwa anafanya kazi gizani.

Hayo yakikamilika, mbwa wa jirani watabweka tena. Mama bado hatasikia.

Hapo ndipo natofautiana na kijana wako kabisa. Sauti inachoka haraka. Mahali pa wazi, kila umbali ukizidi mara mbili inapoteza desibeli 6, na hapo hujaiwekea ukuta wa matofali na milango miwili iliyofungwa. Ukiipa kengele nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu, ambazo sikio linazitambua kwa shida. Kwa hiyo ukitaka ya mlangoni isikike chumba cha mwisho, wageni wa sebuleni watamwaga chai. Sauti inashindwa na ukuta, waya unapita kwenye tundu la kidole. Peleka kengele ya pili nyuma.

Kuiunga si kazi kubwa. Kwenye kengele ya kwanza kuna skurubu mbili zenye waya. Kutoka kwenye skurubu hizo hizo, vuta waya mbili nyingine hadi kengele ya pili, kila skurubu kwa skurubu yake. (Ukiona skurubu ya tatu haina kitu, hiyo ni ya kitufe cha mlango wa nyuma, iache.) Kila moja itapata volti 8 zake, ukiondoa zinazobaki kwenye waya. Usizifuatanishe, waya ukitoka ya kwanza kuingia ya pili kama shanga kwenye uzi, kwa sababu hapo zitagawana volti na zote mbili zitanong'ona. Kengele ya pili iwe ya volti zile zile.

Transfoma mtabadilisha, na kwa hilo kijana wako alikuwa nusu njia. Iliyopo ikiwa imeandikwa 8V 1A, inatosha kengele moja. Mbili zikivuta pamoja itachoka. Nunua yenye volti zile zile na ampea zaidi, 2 au karibu na hapo. Ampea zikizidi hazidhuru, kengele inachukua inachohitaji tu. Kinachounguza ni volti. Upande wa transfoma unaoingia 240 ufungwe na fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya umeme ya Uganda, na usimwachie anayekuja na koleo mfukoni na tepu iliyokwisha gundi.

Ya pili uiweke wapi? Si chumbani kwa mama juu ya mto, mtamuua kwa mshtuko. Koridoni nje ya mlango wake, kwenye usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama, juu ya kipande cha ubao wa mvule au mbao yoyote kavu badala ya kuipigilia kwenye plasta. Ubao unapokea mtikisiko na kuusambaza, kama mwili wa gitaa. Usiifiche nyuma ya kabati wala pazia. Na mabati: mvua ikipiga bati lisilo na silingi chini yake, hakuna kengele ya nyumbani itakayoishinda. Vyumba vyenu vya nyuma vikiwa bado havina silingi, fikiria hilo kwanza kwa chumba cha mama. Atalala vizuri hata asipogongewa na mtu.

Jambo lingine kuhusu mama. Masikio ya uzeeni yanaanza kupoteza sauti nyembamba, nzito zinabaki. Ndiyo maana wazee wanasikia lori likipita na hawasikii simu. Mchukue dukani, au mpelekee kengele mbili tatu nyumbani kwa makubaliano na mwenye duka, achague kwa sikio lake. Mama mkwe wangu alikataa kengele nzuri niliyomletea akachagua baza mbaya inayokoroma kama nyuki ndani ya debe. Ndiyo anayoisikia, mpaka leo.

Mwisho, binti yangu, hukuniambia: alfajiri ile umeme ulikuwepo? Mvua, saa kumi na moja... Kengele ya transfoma haina betri. Umeme ukikatika, au Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha usiku mmelala, hata ingekuwa kengele ya kanisa ingenyamaza. Muulize dada kama aliona taa yoyote mtaani. Kama kulikuwa giza, funga pete ya chuma ya kugongea kwenye mlango wa mbele, na kama nyumba ina invata, transfoma ya kengele ihamie kwenye laini yake. Inakula umeme kidogo sana.

SWALI. Fundi, mimi niko Tororo. Geti langu liko mita 40 kutoka nyumbani. Wageni wanagonga geti kwa jiwe, rangi yote imetoka. Nataka kengele kubwa kama ya shule, ile ya sahani ya chuma, niisikie hata nikiwa bandani kwa ng'ombe. Nipeleke umeme wa 240 getini? – *Mfugaji*

JIBU. Hapana, mzee wangu. Kitufe chenye 240 kwenye nguzo inayolowa, kinachoguswa na mgeni mwenye mikono ya maji, sikifungi hata kwa adui.

Unachotaka ni rilei. Ni swichi inayobonyezwa na sumaku badala ya kidole. Getini unaweka kitufe cha volti 12. Waya wake unakuja nyumbani kwenye rilei, na rilei ndiyo inayoiwashia kengele kubwa umeme wa 240, ndani ya kasha lililofungwa, ukutani, mbali na mvua. Uzuri wake ni kwamba koili ya rilei inavuta mkondo mdogo, kama sehemu ya kumi ya ampea au chini ya hapo, kwa hiyo hata waya mwembamba wa mita 40 haupotezi volti za maana. Ile hesabu ya waya niliyompa Binti wa Mzee haikusumbui.

Angalia jambo moja dukani: rilei ya DC (umeme wa njia moja, kama wa betri) ukiipa AC ya transfoma inatetemeka na kuvuma kama mbu, na vigusio vyake vinaungua mapema. Chukua rilei ya DC na adapta ya DC ya volti 12, kama ile ya kifaa cha intaneti. Vigusio viwe vimeandikwa kuhimili 240V na ampea 5 au zaidi. Waya upite kwenye bomba la plastiki ardhini, kina kinachozidi jembe la mtu anayepalilia maua. Kazi ya kasha la 240, tena, mwenye kibali.

Na huko kwenu radi hazina simile. Waya mrefu ardhini unapokea mshindo wa radi hata ikipiga shamba la jirani. Kengele ya sahani na rilei yake vinavumilia. Zile za elektroniki zinazopiga nyimbo zinakufa msimu wa kwanza, kwa hiyo usishawishiwe na muziki.

SWALI. Watoto wanaotoka shule wanabonyeza kengele yangu wanakimbia. Nifanyeje? – *Amechoka, Entebbe*

JIBU. Pandisha kitufe hadi futi tano na nusu. Wageni wafupi watapiga hodi.